Operesheni Shujaa: kambi zinapigwa, vijiji vinalindwa na nani?

Barua tulizopokea safari hii, kutoka Goma, Bukavu na Lubumbashi, zinazunguka jambo moja: vita ambayo serikali ya Uganda inapigana ndani ya Kongo dhidi ya ADF, kundi lenye asili ya Uganda ambalo sasa linajiita tawi la Dola la Kiislamu. Operesheni Shujaa ilianza tarehe 30 Novemba 2021, wiki mbili baada ya mabomu ya kujitoa mhanga kulipuka katikati ya Kampala tarehe 16. Tumechagua barua sita. Zile zilizouliza juu ya waasi wa M23 tumeziweka kando. Hiyo ni vita nyingine yenye sababu zake, na kuzichanganya hizi mbili ndiko kunakofanya mabishano mengi ya mtaani yasifike popote.

Wandugu, pokeeni salamu. Nafanya biashara Birere, familia yangu iko Butembo. Waganda walipoingia tuliambiwa ADF itakwisha upesi. Mbona siku zile mauaji tulikuwa tunayasikia upande wa Beni na Eringeti, na leo watu wanachinjwa hadi Lubero? – Mfanyabiashara, Birere, Goma

Ndugu yetu, mauaji yalihama kwa sababu wauaji walisukumwa, na upande waliosukumiwa hapakuwa na mtu wa kuwazuia.

Kumaliza kundi lililomo msituni kunahitaji nguvu mbili kwa wakati mmoja: moja inayosukuma, nyingine inayongoja kwenye njia za kutokea. UPDF, yaani jeshi la Uganda, ilisukuma kutoka mashariki. Ilianza kwa ndege na mizinga iliyofyatuliwa toka upande wa Uganda, kisha askari wa miguu wakaingia kwa Nobili na Kamango kuelekea Semuliki, huku wahandisi wakifungua barabara mbele yao maana matope yalikuwa yanameza magari. Magharibi, kwenye barabara namba 4 inayotoka Beni kupitia Oicha na Eringeti hadi Komanda, ndiko jeshi la Kongo lilipotakiwa kusimama kama ukuta. Ukuta huo haukuwepo. Anayechimba panya wa shambani bila kuziba tundu la pili anamhamisha tu shamba.

Piga hesabu mwenyewe. Kipande hicho cha barabara kina zaidi ya kilomita 100. Ukiweka kituo cha askari 8 kila nusu kilomita unapata vituo 200, yaani askari 1,600 walio macho kwa wakati mmoja. Wape zamu tatu ili walale na kula, unafika 4,800, na hujahesabu madereva, wapishi, wagonjwa na walio likizo. Na nusu kilomita ya msitu usiku bado ni pana: watu kumi wanaotembea kimya wanapita. Uganda ilianza na askari wapatao 1,700 kwa kazi nzima. FARDC nayo, yaani jeshi la Kongo, kuanzia Machi 2022 ilikuwa inaondoa vikosi upande wa Beni na kuvipeleka Rutshuru kukabili M23. Kwa hiyo ADF ikavuka barabara, ikaingia misitu ya Mambasa huko Ituri, kisha ikateremka hadi Bapere na Manguredjipa, wilaya ya Lubero. Huko wakulima walikuwa hawajazoea kulala macho.

Kuna jambo la pili. Kundi hili likipigwa hulipiza kwa raia, na halifanyi hivyo kwa hasira tu. Kijiji kikichinjwa, jeshi hulazimika kutoa askari msituni na kuwarudisha barabarani. Wanakijiji walioanza kutoa habari hunyamaza. Na kambi iliyopoteza chakula hupata chakula kipya pamoja na wapagazi wa kukibeba. Mwezi wa mavuno mkulima akikimbia, kakao yake haiozi mtini, kuna anayeichuma.

Lililotuuma sisi ni kwamba yote haya yalikuwa yanajulikana. Januari 2014 FARDC ilianza operesheni ya Sukola 1, ikateka kambi kubwa ya Medina mwezi wa Aprili, watu wakashangilia; Oktoba mwaka huohuo ndipo mauaji ya Beni yalipoanza. Tarehe 30 Oktoba 2019 jeshi likaanzisha mashambulizi mengine, na ndani ya wiki chache raia kwa mamia walikuwa wamekwisha kuuawa, hadi wananchi wa Beni wakachoma ofisi ya meya na kuvamia kambi ya Boikene ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Kampala inaweza kusema hayo yalikuwa ya Wakongo. Lakini kuna la tarehe 14 Desemba 2008, na hilo liliongozwa na Uganda yenyewe, tena kwa msaada wa Marekani: kupiga kambi za LRA, waasi wa Uganda wa Joseph Kony, katika msitu wa Garamba. Ukungu ulichelewesha ndege, helikopta zikapiga, na askari wa miguu wakafika siku kadhaa baadaye wakakuta kambi tupu. Hakuna aliyekuwa ametumwa kulinda Faradje wala Doruma, miji iliyokuwa kwenye njia za kukimbilia. Kuanzia mkesha wa Noeli hadi katikati ya Januari, Human Rights Watch ilihesabu zaidi ya raia 865 waliouawa. Kony hakukamatwa.

Kati ya Garamba 2008 na Shujaa 2021 ni miaka 13. Mpango wa kambi ulikuwa tayari, mpango wa vijiji haukuwepo, mara zote mbili.

Taarifa za jeshi husema "magaidi thelathini wameuawa". Wanafunzi wangu wananiuliza kama ni kweli. Taarifa hizi zinasomwaje? – Mwalimu, Katindo, Goma

Mwalimu, usianze na idadi ya maiti. Tafuta idadi ya bunduki. Kama wameuawa 30 na zimeokotwa bunduki 25, hapo walipigana wapiganaji. Kama ni 30 kwa bunduki 2, uliza hao wengine 28 walikuwa akina nani. Ni kweli kwamba si kila mpiganaji wa ADF hubeba bunduki, wengi hutumia panga, na wenzao hukimbia na silaha za waliokufa. Hata hivyo, tofauti kubwa namna hiyo inadai maelezo, kwa kuwa ndani ya kambi hizo kuna wake, watoto, na mateka waliobebeshwa magunia. Bomu linalotoka juu haliwachagui.

Baada ya hapo tazama mateka waliookolewa. Hapa tuseme ukweli: Shujaa imewatoa watu wengi, kwa mamia, na kila mmoja ana ukoo uliokuwa umekwisha kumlilia. Taarifa inayotaja waliookolewa ni dalili kwamba askari walifika kwa miguu. Taarifa inayotaja waliouawa tu, bila silaha, bila mateka, bila jina la mahali zaidi ya "msituni", mara nyingi imeandikwa na mtu aliyetazama kutoka angani. Mwisho, angalia kama sehemu hiyohiyo inatajwa tena baada ya miezi mitatu. Kambi inayotekwa mara tatu haijatekwa.

Wanafunzi wakikuambia kwamba majeshi makubwa hayakosei namna hii, wape mifano miwili. Tarehe 29 Agosti 2021 Marekani ilipiga gari mjini Kabul ikasema imemuua mtu wa Dola la Kiislamu aliyekuwa akiandaa bomu. Ndege zisizo na rubani zilikuwa zimelifuata gari hilo kwa karibu saa nane, mchana, mjini, bila mti wa kulificha. Waliokufa walikuwa raia 10, saba kati yao watoto, na wizara ya ulinzi ikakiri wiki tatu baadaye. Mwaka huohuo, tarehe 3 Januari, Ufaransa ilipiga mkusanyiko karibu na kijiji cha Bounti, Mali. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema palikuwa na harusi, na kwamba 19 kati ya 22 waliokufa walikuwa raia. Ufaransa ilikataa, na bado inakataa. Sasa fikiria msitu wa Mambasa, ambako aliye juu anaona majani tu.

Kwa nini wasitumie droni peke yake, wakaacha kupoteza askari? – Kijana wa Kadutu, Bukavu

Kwa sababu droni huona, haikai. Kamera yake ya joto hufanya kazi vizuri kwenye mbuga na majangwa, lakini chini ya miti mirefu iliyofungana joto la mtu hupotea. ADF hutembea kwa vikundi vidogo na simu zimezimwa. Hata droni ikiwaona, askari wenye mizigo wasiofuata njia hupiga kilomita moja kwa saa, pengine chini ya hapo. Kundi lililoonekana kilomita 10 mbele ni safari ya siku nzima, na wao hawatakungoja.

Je, ni kweli Waganda walikuja kwa ajili ya barabara na petroli, na ADF ni kisingizio? – Mwanafunzi wa chuo, Himbi, Goma

Tarehe zinasaidia hapa. Marais Museveni na Tshisekedi walizindua ujenzi wa barabara kule Mpondwe, mpakani na Kasindi, tarehe 16 Juni 2021: kilomita 223 kwa jumla, yaani Kasindi–Beni 80, Beni–Butembo 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma 89. Mabomu ya Kampala yalilipuka miezi mitano baadaye. Kwa hiyo mpango wa barabara ulitangulia vita, na mashine za barabara zilihitaji ulinzi. Tarehe 1 Februari 2022, miezi miwili tu baada ya askari kuvuka, kampuni za Ufaransa na China zilitangaza uamuzi wa mwisho wa kuwekeza katika petroli ya Ziwa Albert, pamoja na bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga. Visima hivyo viko ukingo wa pili wa ziwa, mkabala na Ituri yetu.

Lakini kisingizio si neno ambalo sisi tungelitumia. Watu walikufa Kampala, na ADF imekuwa ikiua Waganda tangu miaka ya tisini. Tatizo la mkakati huu liko kwenye lengo lake. Kampala inataka adui awe mbali na mpaka wake na mbali na visima vyake. Ukimsukuma mbali na mpaka wa Uganda umemsukuma ndani zaidi ya Kongo, na hapo mshirika mmoja anaweza kuhesabu ushindi siku ileile ambayo mwenzake anazika. Na hata lengo hilo la mpaka halikutimia lote: usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wapiganaji wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, umbali mfupi tu kutoka Kasindi, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini.

Linalostahili hasira zaidi, kwa maoni yetu, ni usiri. Kifungu cha 210 cha katiba ya Uganda kinalipa Bunge kazi ya kutunga sheria za kupeleka askari nje ya nchi. Askari walivuka kwanza, wabunge wakajadili baadaye. Raia wa Kamango au Oicha hajui mkataba wa majeshi haya mawili unasema nini juu ya muda, mipaka ya eneo, wala nani anamshtaki nani. Ndiyo maana Februari 2025 UPDF ilipojikuta Bunia, mbali na kazi ya mwanzo, hapakuwa na karatasi ambayo mwananchi angeweza kuifungua na kuuliza: hili liliandikwa wapi?

Kuhusu kipande chetu cha Bunagana–Goma, unajua mwenyewe. Bunagana ilianguka mikononi mwa M23 tarehe 13 Juni 2022.

Huku Lubumbashi tunasikia Rwanda na nchi za SADC zilituliza Msumbiji. Mbona kule iliwezekana? – Baba wa watoto, mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Mzee, iliwezekana nusu. Rwanda ilipeleka askari wapatao 1,000 Cabo Delgado mwezi Julai 2021, na Agosti mji wa Mocímboa da Praia ukarudishwa baada ya mwaka mzima mikononi mwa waasi. Walichofanya vizuri ni kubaki: doria za kila siku, kambi ndani ya mji, watu wakarudi sokoni. Lakini wapiganaji walifanya kilekile cha hapa kwetu. Mwaka 2022 waliteremka kusini hadi Ancuabe na Chiúre, kisha wakaingia mkoa wa Nampula. Eneo lililotulia sana ni lile la karibu na mradi wa gesi. Kikosi cha SADC kiliondoka 2024 na mashambulizi hayajaisha. Kuhusu kumwita Rwanda, anayeshutumiwa kuisaidia M23, aje kufanya vilevile kwetu, tunadhani hukutaka tulijibu hilo.

Kulaumu ni rahisi. Nyinyi mngefanya nini? Zaidi ya hapo, mama yangu mdogo ana shamba karibu na Oicha lililoharibiwa na kombora, na hajui aende wapi. – Askari mstaafu, Majengo, Goma

Baba, swali lako la kwanza ni la haki. Tungeanza na ramani ya vijiji kabla ya ramani ya kambi. Mtu aliyezoea msitu, akifuata njia za miguu, hutembea kilomita 20 hadi 25 kwa siku. Chora duara la siku mbili kuzunguka kambi unayotaka kuipiga: kila kijiji, kanisa, kituo cha afya na soko lililo ndani ya kilomita 50 liko hatarini kwa wiki nyingi. Kama huna askari wa kuweka katika hivyo, hata 30 tu kwa kila njia kuu ya kuingilia, shambulio lisubiri. Tunajua jibu la makamanda: ukisubiri, kambi inahama. Ndiyo, inahama. Ikihama umepoteza nafasi moja. Ukipiga bila ulinzi unapata Komanda ya tarehe 27 Julai 2025, waumini zaidi ya 40 waliuawa, wengine ndani ya kanisa wakiwa katika sala, au Ntoyo ya Septemba mwaka huohuo, matanga yaliyogeuka mauaji ya watu zaidi ya 60.

Kisha kengele ya hatari. Mara nyingi watu huona wageni msituni na kutoa habari kabla ya mauaji. Habari hukwama mahali palepale kila mara: simu ya kamanda haina mtandao au haina salio, gari lipo, mafuta hayapo, kamanda wa kikosi anangoja amri kutoka juu, au kijiji kiko upande wa UPDF kwenye ramani, FARDC ndiyo iliyo karibu, na kila mmoja anamngoja mwenzake. Dawa yake haina siri. Kila kijiji kiwe na namba mbili za simu, si moja, na pikipiki yenye lita 10 za akiba ambazo chefu ndiye anayezilinda. Kikosi kilicho karibu kiruhusiwe kuvuka mstari wa ramani bila kuuliza. Na muda kutoka simu ilipopigwa hadi askari walipofika uandikwe, utangazwe kila mwezi. Jeshi linalotangaza maiti za adui linaweza kutangaza dakika zake pia.

La tatu ni pesa na mlango wa kutokea. Fedha za Dola la Kiislamu zilikuwa zikipitia ofisi yake ya Somalia inayoitwa Al-Karrar, kisha mikononi mwa watu walioko Afrika Kusini, Kenya na Uganda, mara nyingi kwa simu kama tunavyotumiana sisi. Mzinga haugusi kitu hapo, ni kazi ya polisi na mabenki. Na anayetaka kutoroka kambini lazima ajue wapi pa kujisalimisha asipigwe risasi. Uganda ilitunga sheria ya msamaha mwaka 2000, nasi tuna P-DDRCS, mpango wa kuwapokonya wapiganaji silaha na kuwarudisha uraiani, tangu 2021. Itangazwe redioni jina la kituo, saa, na ishara ya kuonyesha, kwa Kiswahili na Kiganda.

Sasa shamba la mama yako mdogo. Asiguse wala kuchoma kipande chochote cha chuma kilichobaki, na watoto wasikaribie. Kombora lisilolipuka linaweza kulipuka kwa jembe. Aweke miti na kitambaa chekundu hatua 50 kuzunguka mahali hapo, aripoti kwa chefu wa mtaa na kwa watu wa kutegua mabomu. Picha zipigwe kwa mbali, moja ionyeshe shimo, nyingine ionyeshe nyumba au barabara ili mahali patambulike. Aandike tarehe, saa, upande kombora lilikotoka, na kama ndege ilisikika. Ahesabu mali kwa namna inayoweza kuthibitishwa: miche mingapi ya kakao, ya umri gani, kilo ngapi msimu uliopita, na risiti ya mnunuzi kama ipo. Chefu atie saini na muhuri, na majirani wawili waandike walichoona, kila mmoja karatasi yake, wasinakiliane, kwa kuwa shuhuda zinazofanana neno kwa neno hutupwa. Aliyejeruhiwa apate cheti cha daktari siku hiyohiyo, si baada ya kidonda kupona.

Nakala moja iende kwa mwendesha mashtaka wa jeshi, yaani auditora ya Beni, moja kwa shirika la kiraia la mahali, moja ibaki kwake, na kila anayepokea atie saini ya kupokea. Asitegemee kwamba auditora itamshtaki askari wa Uganda: katika mikataba ya namna hii askari wa kigeni kwa kawaida huhukumiwa na mahakama ya jeshi lake, kwa hiyo barua iombe wazi ipelekwe kwa uongozi wa pamoja wa operesheni. Mtu akimwambia alipe ada ili aingizwe kwenye orodha ya FRIVAO, asilipe. Mfuko huo unagawa dola milioni 325 ambazo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kulipa tarehe 9 Februari 2022, na ni kwa madhara ya vita ya 1998 hadi 2003 pekee. Shamba lililopigwa wakati wa Shujaa halimo. Mafaili ya waathirika wa vita hiyo kule Kisangani yalidumu kwa sababu kulikuwa na watu waliotunza karatasi kwa zaidi ya miaka 20, basi zake aziweke ndani ya plastiki, na nakala ya picha itumwe kwako Goma.